Leseni Moja, Mashua Mbili

Nilipoolewa upande wa ziwani sikujua kuogelea, sikujua kupika kamongo, yule samaki wa matopeni, na sikujua kwamba mashua inaweza kuwa mkwe. Nilizaliwa Nyamasaria, kwa watu wa ng'ombe na mtama, wakati Nyamasaria bado ilikuwa mashamba matupu na barabara ya Nairobi inapita katikati. Ziwa nililiona kwa mbali tu, siku tulipokwenda Kisumu kununua sukari. Kwangu lilikuwa ni rangi fulani ya buluu nyuma ya maghala ya bandari.

Mashua niliyoikuta nyumbani kwa mume wangu ilikuwa ya baba mkwe. Alikuwa ameipa jina la mama yake mzazi, na jina hilo liliandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe. Kwa hiyo niliambiwa niiheshimu kama ambavyo ningemheshimu bibi mwenyewe kama angekuwa hai: nisiikalie, nisiiegemee, nisipite mbele yake na maji ya kuoshea vyombo. Kuingia ndani yake ndiko hata hakukutajwa, maana mwanamke haingii katika mashua ya uvuvi. Nilitii. Nilikuwa mgeni, na mgeni hachagui wakwe zake.

Baba mkwe alifariki miaka michache baada ya Uhuru. Zile mvua kubwa za wakati wa Uhuru zilikuwa zimepandisha ziwa likala bustani zetu za chini, na yeye alikuwa ameshinda kwenye maji baridi akihamisha nguzo za nyavu. Tangu hapo kifua chake hakikupona. Mume wangu alikuwa kifungua mimba, basi mashua ikawa yake, na leseni ikawa yake. Leseni siku zile haikuwa jambo la kuzungumzwa. Kila mwaka mtu alikwenda Kisumu kwenye ofisi ya samaki, akalipa, akapewa karatasi yake, akarudi nyumbani. Namba ya mashua ilibaki pale pale kwenye pua yake, na maisha yakaendelea.

Nami nilijifunza kazi. Wanaume waliporudi asubuhi sisi wanawake tulisubiri mchangani na vikapu, tukapokea samaki, hasa ngege, tukapasua, tukatia chumvi au tukakausha kwa moshi, kisha nikapanda lori la mchanga hadi sokoni Kisumu. Niliipenda biashara. Nilipenda kelele za soko na namna wake wa makarani walivyobonyeza macho ya samaki kwa kidole kama wanaobisha hodi. Nikirudi jioni nilimkuta mume wangu ameketi mbele ya nyumba, kimya. Hakuwa mtu wa maneno akitoka majini. Alikunywa uji kwanza, akatazama ukuta, ndipo akaanza kuzungumza na watoto. Nilidhani wavuvi wote ndivyo walivyo.

Mashua yenyewe ilikuwa imezeeka. Nilivijua viraka vyake vyote, kwa kuwa mara nyingi mimi ndiye niliyetafuta kitu cha kuzibia. Kulikuwa na kipande cha bati la debe la mafuta ya taa, na ubao uliotoka kwenye mlango wa zamani wa kanisa, na katikati ya mbao nyufa zilizojazwa pamba na lami kila mwezi. Katika wale watu wanne waliokwenda ziwani mmoja hakuwahi kushika wavu. Kazi yake ilikuwa kuchota maji na kuyatupa nje, kwenda na kurudi. Watu walimtania kwamba yeye ndiye injini. Alicheka, lakini nilikuwa naona viganja vyake.

Basi mwanzoni mwa miaka ya sabini shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akarudi nyumbani kutoka Kisumu. Alikuwa fundi wa rangi bandarini. Alipaka meli na mabehewa miaka mingi hata kucha zake zilikuwa na rangi isiyotoka. Alikuja na mkewe, watoto, na wazo. Alitaka kujenga mashua mpya. Si ya kuchukua nafasi ya ile ya Baba, la. Ya pili. Moja ya kaka, moja ya mdogo, na nyavu zitupwe pamoja.

Sijapata kuona furaha kama ile katika boma letu. Fundi wa mashua aliletwa kutoka visiwani, akajengewa kibanda cha mafunjo ufuoni, na mbao za mvule zikaja kwa lori. Ndugu hao wawili walizibeba begani, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakiimba wimbo wa shuleni. Mume wangu alifanya kazi pale kuliko mwenye mashua. Hata jioni, fundi akishaweka patasi chini, nilimkuta amesimama peke yake, anapitisha kiganja juu ya mbao mpya, ubao baada ya ubao, polepole. Nilimuuliza anatafuta nini.

"Hakuna nyufa," akasema.

"Si ndiyo mpya?"

"Ndiyo," akasema. "Ndilo ninalosema."

Shemeji aliipaka rangi mwenyewe, kijani chini na njano juu, na ukingo mwekundu mwembamba ulionyooka kama umechorwa kwa rula. Watu walitoka fuo za jirani kuja kuitazama. Kilichobaki kilikuwa leseni tu na kuku wa kubarikia.

Ndipo chifu akaitisha baraza ufuoni, na Bwana Samaki akaja.

Hivyo ndivyo tulivyomwita afisa wa samaki, kama vile yule wa kilimo alivyokuwa Bwana Shamba. Huyu alikuwa mpya, kijana mrefu mwenye miwani, mtoto wa wavuvi wa upande wa Homa Bay. Hakuwa na majivuno. Alisalimia wazee kwa mikono miwili, akakataa kiti alichowekewa, akasimama mchangani kama sisi. Kisha akasema maneno yaliyoninyima usingizi.

"Wazee wangu, mama zangu," alisema, "mashua zimezidi. Ninyi wenyewe mnaona nyavu zinavyopanda nyepesi. Hawa ngege mnaowaleta siku hizi, wangekuwa watoto wa watu, wangekuwa bado wanabebwa mgongoni. Kuanzia sasa ufuo huu utabaki na leseni zile zile zilizopo. Mwenye leseni, nitakuja kukagua mashua yake, na ikiwa nzima ataendelea. Leseni mpya hakuna. Anayetaka kushusha mashua mpya, aondoe ya zamani kwanza. Na aivunje mbele ya macho yangu, isije ikafufukia ufuo wa jirani."

Mzee mmoja aliyekuwa na mashua kadhaa akainua mkono. "Na wale wa ng'ambo, wa Uganda na Tanzania, nao wameambiwa?"

"Mzee," akasema Bwana Samaki, "mimi mwenyewe sina leseni ya kuwaambia watu wa Uganda."

Watu wakacheka. Hata chifu alicheka. Lakini nilimtazama shemeji, naye alikuwa anaitazama mashua yake pale juu ya magogo, rangi haijakauka vizuri, kama mtu anayemtazama mtoto aliyekataliwa shule.

Baada ya baraza alimfuata afisa hadi kwenye Land Rover. Aliporudi hakuhitaji kutueleza. Boma letu lilikuwa na leseni moja na mashua mbili. Mwenye leseni alikuwa mume wangu. Mwenye mashua inayofaa alikuwa ndugu yake.

Jioni ile walikaa nyumbani kwa mama mkwe, nasi wake zao tukiwa jikoni tunasikia kila kitu kupitia ukuta.

Shemeji alianza vizuri. "Kaka, leseni ni ya boma. Tuivunje ile ya Baba, tuandike hii. Tutaingia pamoja."

Mume wangu akasema, "Unajua ile mashua ina jina la nani."

"Najua."

"Unataka mimi, mtoto wa kwanza, nichukue shoka nimpasue bibi yangu mbele ya serikali?"

"Mimi niliacha kazi, kaka. Niliacha kazi kwa ajili ya hii mashua. Sasa niifanye nini, nipandie viazi ndani yake?"

"Sijakuambia uache kazi."

Maneno hayo ndiyo yaliyoharibu kila kitu. Shemeji aliinuka, akamwambia mama yake usiku mwema, akatoka. Tangu siku ile hakula tena na kaka yake. Kwetu wanaume hukusanyika kwa mkubwa, na kila mke huleta chakula chake. Mke wa shemeji akaacha kuleta. Watoto walichanganyikiwa, wakawa wanakula mara mbili, huku na kule. Mimi na mke wa shemeji hatukugombana. Tulikutana mtoni tukiteka maji, tukasemezana mambo ya kawaida, na mara nyingine tukacheka, kisha tukapanda njia tofauti ili tusionekane.

Kila siku shemeji alishinda ameketi kwenye kivuli cha mashua yake. Hakuifanya chochote, maana hapakuwa na la kufanya. Mume wangu alipita mbele yake asubuhi akienda ziwani na ile kuukuu, akapita tena akirudi. Walisalimiana kwa kichwa.

Nilimwambia mume wangu tumwendee Bwana Samaki, labda kuna njia. Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Tulibeba ngege wawili wakubwa, wa kumsalimia, tukaenda Kisumu. Ofisini tuliambiwa afisa ana homa, yuko nyumbani Milimani. Karani akatuelekeza. Tulipanda kilima kile chenye miti mikubwa, tukapita mageti na mbwa na magari yaliyooshwa, na mimi nikawa na wasiwasi kwamba kikapu changu kinanuka. Tulimkuta ameketi barazani, amejifunga blanketi juu ya suti, miwani imefunikwa na mvuke wa chai.

Alitukaribisha bila kununa. Mkewe akatuletea chai nasi. Mume wangu akaeleza: mashua mbili, ndugu wawili, marehemu baba. Bwana Samaki alisikiliza hadi mwisho.

"Baba," akamwambia mume wangu, ingawa walikaribiana umri, "naelewa. Lakini nikikupa wewe ya pili, kesho nitamwambia nini yule mzee mwenye mashua nyingi? Yeye ameshakuja hapa kabla yako. Nitakuja kukagua yako. Ikiwa nzima, endelea nayo, hakuna atakayekugusa. Ya pili sina."

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimeshaanza kufunga leso. Lakini mume wangu hakuinuka. Alizungusha kikombe mkononi, akauliza kwa sauti ya chini:

"Ukiikuta mbovu, itakuwa imekataliwa na nani? Na mimi au na serikali?"

Bwana Samaki alimtazama vizuri. "Na serikali," akasema. "Wewe utakuwa huna kosa."

"Haya," akasema mume wangu.

Samaki wetu hakuwachukua. Alisema hawezi kula samaki wa mtu ambaye anakwenda kumkagulia mashua, lakini alisema kwa upole, na mkewe akatupa ndizi za watoto. Tulishuka kilima na kikapu chetu. Njiani nilimuuliza mume wangu swali lile lilikuwa la nini. Akasema alitaka kujua tu. Wale ngege tuliwala wenyewe.

Siku ya ukaguzi ilitangazwa. Lakini mashua haikuingoja.

Ilikuwa asubuhi yenye jua, ziwa limetulia kama maji ya beseni. Hapakuwa na upepo wala wingu. Mashua zilikuwa zinarudi kwa makasia, kwa kuwa matanga hayakuwa na kazi, na sisi wanawake tulikuwa tumekaa mchangani na vikapu vyetu tukipiga soga. Ile yetu ilikuwa ya mwisho, lakini tuliiona, haikuwa mbali. Niliweza kumtambua mume wangu kwa kofia yake.

Mama mmoja jirani yangu akakinga macho kwa mkono. "Mbona mashua yenu inakuwa fupi?" akauliza.

Tulitazama. Kweli ilikuwa inakuwa fupi. Kwanza ubavu wake ulikuwa umetoka nje ya maji kama kawaida, kisha nusu, kisha jina jeupe la bibi likaanza kupotea, herufi zote kwa pamoja. Wale watu walikuwa wamesimama, wote wanne wanachota maji, kwa debe, kwa kofia, kwa mikono. Kisha wakaacha kuchota wakakaa. Hilo ndilo lililonitisha, walivyokaa chini taratibu kama watu waliofika kanisani.

Mume wangu hakujua kuogelea. Wengi wao hawakujua. Niliinuka nikajikuta nakimbia kuelekea mahali pasipofaa kabisa, kwenye ile mashua ya rangi, na shemeji alikuwa ameshasimama pale anaondoa magogo ya kuizuia.

"Njooni," akaita. "Sukumeni."

Wanaume waliokuwa ufuoni walikuja mbio. Mmoja wao akasema, "Haijabarikiwa hii." Mwingine akasema, "Haina leseni, na askari wa samaki yuko pale kwa chifu."

"Sukumeni," akasema shemeji.

Wakasukuma. Ilikuwa nzito, haijawahi kuteleza, na mkuku wake, ule mti mrefu wa chini, ulikuwa umezama mchangani. Haikutoka. Basi mimi na mke wa shemeji tukaweka mabega yetu kwenye ule ubao wa njano, na wanawake wengine wakaacha vikapu wakaja, na hakuna aliyetukataza. Ikaondoka. Iliingia majini kwa kishindo, ikainua pua yake, ikatulia. Shemeji na vijana watatu wakaruka ndani na makasia.

Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba nilikuwa nimesimama ndani ya ziwa hadi magotini na nimeshika mkono wa mke wa shemeji, na kwamba aliniambia, "Wanafika. Angalia, wanafika," mara nyingi, hata kabla hawajafika. Mbao za mashua kuukuu zilikuwa bado zinaelea chini kidogo ya maji, na wale wanne walikuwa wameketi juu yake maji yakiwa vifuani. Mume wangu alikuwa ameshika kasia wima mbele yake. Nilimwona shemeji akiinama, akamshika kwapani, akamvuta ndani kama mtu anavyovuta wavu mzito. Kisha yule mchota maji, kisha wale wengine. Halafu wakaifunga kamba ile kuukuu, wakaja nayo polepole.

Waliposhuka, mume wangu alikuwa anatetemeka juani. Shemeji alivua shati lake akamvika. Yule mchota maji akalala chali mchangani, akafungua viganja vyake vikatazama mbingu, akasema, "Leo nimechoka." Mtu mmoja akaanza kucheka, na sote tukacheka, na ndipo nilipolia.

Mchana tulikuwa wote nyumbani kwa mama mkwe, milango imefunguliwa, safari hii bila wake kuwekwa jikoni. Mume wangu alikuwa amekunywa uji. Aliuweka chini mkebe wake akamwambia ndugu yake:

"Omera, ndugu yangu, naiogopa ile mashua tangu Baba afe."

Shemeji alimtazama.

"Kila asubuhi nikiingia najiuliza ni ubao gani utaachia leo. Kazi siioni, samaki siwaoni. Nasikiliza mbao tu."

"Kwa nini hukuniambia? Ungeniambia siku ile ile ya baraza."

"Ningekuambia nini? Kwamba mtoto wa kwanza wa Baba anaogopa maji? Nilikuwa nangoja serikali iseme. Ikisema serikali, si mimi niliyeitupa."

Ndipo nilipolielewa lile swali la Milimani. Nikaelewa na ule ukimya wa jioni, na kile kiganja kilichopita juu ya mbao mpya. Miaka yote ile nilikuwa naishi na mtu mwenye hofu nami nikadhani ni tabia ya wavuvi. Nilitaka kumkasirikia, lakini nilikuwa nimejaa shukrani, hasira haikupata pa kukaa.

Likabaki lile jina. Wote wawili wakamgeukia mama yao, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa amemjua bibi mwenyewe, na hakuna shoka ambalo lingenyanyuliwa bila yeye kukubali. Mama mkwe alikuwa mtu mfupi, mwenye kiko, asiyependa mikutano.

"Yule mama," akasema, "alikuwa anaogopa maji kuliko mbuzi. Hata kuoga ilikuwa vita. Baba yenu alipoleta mashua yenye jina lake, alinuna msimu mzima. Alisema, 'Mwanangu amenitupa ziwani.'" Akavuta kiko. "Mtoeni sasa. Amelowa vya kutosha."

Nilimwona mume wangu akicheka hadi akashika mbavu. Nadhani sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu harusi yetu. Usiku ule mke wa shemeji alileta chakula chake mwenyewe, bakuli la omena, wale dagaa wa ziwani, lenye nyanya nyingi, akaliweka katikati.

Bwana Samaki alikuja siku iliyopangwa, amepona homa. Alikuta mashua kuukuu imelala kwenye mchanga, ubao mmoja wa chini umefunguka kama mdomo. Hakuhitaji kukagua sana. Kisha akaitazama ile mpya. Mchanga mbichi ulikuwa bado umeng'ang'ania mkuku wake, na mtoto yeyote angejua kwamba imeingia majini. Mume wangu akasogea mbele.

"Ilikwenda ziwani," akasema. "Ilikwenda kunitoa mimi."

Bwana Samaki alivua miwani akaifuta. "Ilivua samaki?"

"La. Watu tu."

"Watu hawamo katika sheria yangu," akasema, akavaa miwani. "Haya, tuendelee na kilichonileta."

Mume wangu ndiye aliyepiga shoka la kwanza, kwa kuwa alisema asipoipiga yeye mwenyewe hatalala. Lilikuwa pigo dogo, la heshima. Kisha shemeji, kisha vijana. Mbao zilitoka bila ukaidi; nyingine zilitoka kwa mkono. Mzee mwenye mashua nyingi alisimama kando amekunja mikono, akiangalia yatakayompata. Yeye alipigana na ofisi ile mwaka mzima na mwishowe alivunja moja tu, tena kwa matusi. Si kila mtu aliyepata nafuu siku ile, na siwezi kusema kwamba amri ile ilikuwa tamu kwa wote. Kulikuwa na vijana waliokuwa wanaota mashua zao wenyewe, nao walikwenda kutafuta vibarua katika mashamba ya miwa.

Leseni iliandikwa majina mawili, la kaka na la mdogo. Ile namba ya zamani, ya Baba, ndiyo iliyohamia kwenye pua mpya, na shemeji aliiandika mwenyewe kwa brashi, amelala tumboni, ulimi nje. Kuku alichinjwa. Mama mkwe alipoulizwa ipewe jina gani alisema ipewe jina la mtu anayependa maji, na kwa kuwa hapakuwa na mzee wa namna hiyo katika ukoo, ilibaki bila jina muda mrefu. Watu waliiita Ya Rangi tu.

Mume wangu hakurudi tena ziwani. Alisema waziwazi, mbele ya wanaume wenzake, "Mimi na maji basi," na nilingoja wamcheke. Hawakumcheka. Wawili walimjia baadaye kwa siri wakamuuliza alijisikiaje siku ya kwanza ya kuacha. Alishona nyavu, alisimamia ukaushaji, na akaja nami sokoni, ambako niligundua kwamba yule mtu asiye na maneno alikuwa na maneno mengi sana. Aliwataja ngege kwa sifa ambazo ngege wenyewe wangezionea haya. Wateja walimpenda kuliko mimi. Shemeji naye alivua vizuri, na jioni alikuja kula, akabishana na kaka yake juu ya redio hadi watoto wakalala.

Bwana Samaki alihamishwa baada ya miaka michache. Waliokuja baada yake hawakuwa na macho kama yake, na mashua zikaanza kuongezeka kidogo kidogo, kwanza usiku, kisha mchana. Kama samaki walipona kwa sababu ya ile miaka tuliyobanwa, sijui. Shemeji anasema nyavu zilipanda nzito kidogo misimu miwili mitatu. Yule mzee alisema hadi kufa kwake kwamba hapakuwa na tofauti yoyote.

Mimi nakumbuka kitu kingine. Tulikuwa tumepanua biashara, tukauza samaki wakavu Mamboleo, pale njia zinapokutana, kwa wenye malori waliokuwa wanapanda kuelekea Kakamega. Mchana mmoja wingu jeusi lilijikusanya upande wa ziwa, upepo ukaanza kuvuta vumbi na makaratasi barabarani. Zamani wingu kama lile lingenifanya niache biashara nirudi nyumbani kwa miguu kungoja mashua irudi. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anabishana na dereva mmoja juu ya kamongo, ameshika samaki kwa mkia kama anayetoa ushahidi. Aliinua macho akalitazama lile wingu, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayetazama saa.

"Mama," akaniambia, "sogeza kikapu barazani. Chumvi italowa."

Kisha akamgeukia dereva, wakaendelea.